Njia ya Mgongoni

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na Mama na wote mliomo humo ndani, hata yule paka mwizi kama bado hajahama. Natumaini goti la Mama limetulia na kwamba ukimwambia akae anakaa, ingawa namjua, atakaa dakika mbili kisha utamkuta juu ya stuli anafuta madirisha. Na kifua chako je, kimepona? Usipuuze dawa kwa sababu tu umeanza kujisikia nafuu. Mimi huku napumua. Hilo ndilo ninaloweza kukuandikia kwa uhakika. Mengine utayasoma mwenyewe.

Barua yako niliipata siku kumi zilizopita, na usidhani nilikupuuza. Nimeanza kukujibu mara nne na karatasi zote nne nimezichana. Uliniuliza swali moja tu, ukalipigia mistari miwili chini yake kama mwalimu aliyekasirika: zile pikipiki kubwa za safari, zinanoga kweli kuziendesha, au ni picha tu? Ukaniambia umeona tangazo la kazi yetu, kwamba wanatafuta waendeshaji wawili, na kwamba tangu nikutumie ile picha nimesimama juu ya vikanyagio, vumbi nyuma yangu kama moshi wa treni, hamu imekushika hata chakula hakipiti. Nitakujibu. Lakini jibu ni refu, nawe una tabia ya kuruka kurasa. Leo nakuomba usiruke.

Nianze na ukweli ulio mwepesi. Siku ya kwanza haikunoga hata kidogo. Umejifunza kwenye kale kapikipiki ka Mjomba ambako unaweza kukashika mkono na kukavuta kama mbuzi. Hili ni dude. Tangi lake ni pana kama kifua cha fahali, na ukipanda juu unaanza kuitafuta ardhi kwa ncha za vidole kama mtu anayepima maji ya kuoga. Mimi na ufupi wetu huu wa ukoo nililiangusha mara tatu pale pale uani, mbele ya ofisi, na mara ya tatu walinzi wakapiga makofi. Injini inakuchoma mapaja. Upepo unapiga kofia mpaka jioni masikio yanaendelea kuvuma peke yake. Na likilala chini, uzito wake ni wa wanaume watatu walioshiba. Unaligeuzia mgongo, unachuchumaa, unalisukuma kwa miguu huku unamwita Mungu na wazazi wote wawili.

Kisha siku moja, Chiriku, mwili unaelewa. Unajifunza kusimama, magoti yamelibana tangi, mikono imelegea, macho mbele. Mwalimu wetu alikuwa akisema ukilitazama shimo utaingia shimoni. Tazama unapotaka kwenda. Gurudumu la mbele linacheza kwenye changarawe, nawe huligombezi, unaliacha licheze. Barabara mbaya inapita chini yako na haikugusi. Mimi niliyekaa miaka tisa nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa nikipima mita za watu wengine, siku hiyo nilipiga kelele ndani ya kofia kama mwendawazimu. Ndiyo, mdogo wangu. Zinanoga. Zinanoga kuliko nilivyowahi kukuandikia, na kwa sababu hiyo nakuandikia leo.

Kazi yetu unaijua juu juu. Maabara kuu iko huku mjini, zahanati ziko sita kule milimani, na magari hayafiki kwa wakati. Sisi hupanda asubuhi, tunachukua chupa za damu za wagonjwa, tunaziweka kwenye kisanduku cha barafu kilichofungwa nyuma ya kiti, tunashuka. Damu haisubiri. Ikipata joto inaharibika, na iliyoharibika haisomeki. Mkuu wetu tunamwita Bwana Dakika, maana ukimsalimia anatazama saa kwanza ndipo aitikie. Kila kisanduku kina fomu: damu ilitolewa saa ngapi, ilikabidhiwa saa ngapi, barafu ilikuwaje, nani alitoa na nani alipokea.

Zahanati ya juu kabisa ilikuwa na muuguzi mmoja, mama wa makamo, miaka ishirini na mmoja kwenye chumba kile kile chenye dirisha moja lililozibwa kwa karatasi ya kalenda badala ya kioo. Nilimzoea mpaka nikawa namwita Mama, naye akaniita mwanangu. Siku za mvua alinivua buti kwa mikono yake akaziweka karibu na jiko la kuchemshia vifaa, akanipa soksi zake, na akanicheka kwamba miguu yangu inanuka kama sera za serikali, yaani ahadi nyingi na hewa nzito. Wagonjwa wake wote waliijua sauti ya pikipiki yangu, nao walikuwa wakitoka nje kunipungia.

Asubuhi moja, leo ni siku ya ishirini na nne, nilimkuta amekunja uso. Kitandani alikuwapo mke wa fundi seremala wa pale, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, na hii ilikuwa mimba ya kwanza kufika miezi hiyo baada ya mbili kutoka. Muuguzi alikuwa amekwisha kumtoa damu saa mbili kamili. Aliniambia kwamba hospitali kuu imemwambia asimteremshe mgonjwa kwenye ile barabara ya mashimo bila sababu, asubiri majibu. Yakiwa mabaya watatuma gari siku hiyo hiyo. Akaniomba niwahi. Akashika kalamu, akatia sahihi kwenye fomu ikiwa tupu, akasema, “Jaza mwenyewe mwanangu, mikono yangu ina kazi.” Nilikuwa nimeondoka kabla ya saa mbili na nusu.

Yaliyofuata wanayajua wote, na yamefika hata huko kwenu kwa mdomo wa watu. Damu ilifika maabara saa tisa alasiri ikiwa imeharibika. Maabara ikarudisha jibu kwamba ichukuliwe upya. Zamu iliyofuata ya kupanda kule ilikuwa baada ya siku tatu. Siku ya nne alfajiri, kabla majibu mapya hayajatoka, mke wa seremala alishikwa na kifafa cha mimba. Muuguzi alipiga simu kuomba gari mpaka sauti ikamkauka, gari likafika limechelewa. Mama wa watu alipona, ingawa macho yake mpaka sasa yanaona kama kupitia pazia. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Uchunguzi ukafanyika, na fomu ikawekwa mezani. Damu ilitolewa saa mbili, imeandikwa kwenye chupa kwa mwandiko wa muuguzi. Ilikabidhiwa saa sita na nusu, barafu ikiwa imekwisha kuwa maji, na chini yake sahihi ya muuguzi, isiyo na shaka. Kwa hiyo aliiacha damu ya mgonjwa mahututi kwenye joto kwa saa nne na nusu. Alipoulizwa alisema hakumbuki kuchelewesha, kwamba siku ile alikuwa na wagonjwa wengi. Wakamsimamisha kazi. Wale wale aliowazalisha wakaanza kupita upande wa pili wa njia wakimwona. Huko kwenu, umeniandikia, watu walisema wauguzi siku hizi hawana huruma. Nawe ukaongeza, pole dada, lazima inakuuma kubeba mizigo ya wazembe.

Chiriku, fomu ile niliijaza mimi.

Nilipoondoka zahanati siku ile, barabara kuu ilikuwa wazi na kavu. Kwa barabara hiyo ningefika maabara saa tano. Lakini kuna njia nyingine, tunaiita njia ya mgongoni, waliyokuwa wakipita zamani wabeba mbao. Ni ndefu zaidi kwa kilomita kumi na moja. Haina magari, haina matuta, inapita juu kabisa ya kilima, mabonde pande zote mbili, na ina mchanga na mawe na kona ambazo ukizipata vizuri unasahau jina lako. Nilikuwa nimeipita mara sita au saba kabla ya hapo nikiwa na kisanduku, na kila mara nilifidia muda kwa mwendo, na kila mara nilijiambia ndiyo ya mwisho. Siku ile nilifika njia panda. Nakumbuka nilipunguza mwendo. Nakumbuka nilimfikiria yule mama kitandani, sitakudanganya kwamba nilimsahau. Nilimfikiria, nikasema dakika ishirini hazimuui mtu, nikakata kulia.

Niliona raha, mdogo wangu. Robo saa nzima niliona raha isiyo na kifani, nikiwa nimesimama na asubuhi yote chini yangu.

Kisha mchanga ulinimezea gurudumu la mbele. Sikuruka mbali, ingekuwa heri. Nililala palepale na dude likanilalia mguu, bomba la moshi likinichoma shavu la mguu mpaka nikasikia harufu yangu mwenyewe. Simu haikuwa na mtandao. Niliita, nani wa kuitika? Jua likapanda. Nilichimba mchanga chini ya mguu kwa vidole, vidole vilipochanika nikachimba kwa kofia. Kisanduku kilikuwa karibu na kichwa changu, kifuniko kimefunguka upande, nami sikuweza kukifikia kukifunga. Kwanza nilisikia barafu ikigongana ndani. Baadaye nikasikia maji. Nilitoka pale saa saba.

Ungedhani mtu aliyelala hivyo kwa saa nne angekuwa na muda wa kutosha kujitayarisha kusema kweli. Mimi nilijitayarisha kusema uongo. Niliosha mikono na uso kwenye mfereji wa njia ya kuingia mjini, nikafunga leso juu ya kidonda ndani ya suruali, nikakaa kwenye ukingo wa mfereji na ile fomu tupu yenye sahihi yake magotini. Nilifikiri kwamba damu itaombwa tena, basi, muuguzi ataambiwa awe mwangalifu, naye atacheka. Nikaandika saa sita na nusu. Nikaandika barafu ilikuwa maji. Mwandiko wangu ulitoka mzuri, wa kiofisi.

Mtoto alipokufa ningeweza kusema. Muuguzi alipoitwa ningeweza kusema, maana na mimi niliitwa, nikaketishwa kiti kinachotazamana na chake. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kama saa iliyoandikwa ni sahihi. Muuguzi alikuwa akinitazama bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amkumbushe alikoweka funguo. Nikasema ndiyo, ni sahihi. Neno moja. Nikatoka nikapanda pikipiki nikaenda kazini, na usiniulize kama siku hiyo kona zilinoga, kwa sababu jibu litakufanya unichukie. Mwili hauna haya, Chiriku. Mwili ulifurahi kama kawaida yake.

Lililonivunja ni kikaratasi. Siku ya kumi na nane mwenzangu wa zamu aliniletea kutoka milimani, kimekunjwa mara nne. Muuguzi alikuwa ameandika kwamba amesikia nachechemea, je, nimeonyesha mguu kwa daktari? Kama ni kidonda cha kuungua nisikifunge kikavu. Kisha, chini, kwa herufi ndogo kama anayeona aibu kuomba: “Mwanangu, jaribu kukumbuka tena, labda ulikosea saa. Mtu yeyote anaweza kukosea.” Yaani alikuwa ananitafutia mlango, mimi niliyemfungia yeye.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Dakika nikamwambia yote, nimesimama, maana niliona kukaa si haki yangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama saa ya ukutani, akaandika saa hiyo kwenye karatasi, kisha akahesabu kwa midomo. “Siku kumi na tisa,” akasema. “Nilidhani mimi ndiye ninayejua kuhesabu muda.” Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akaniambia niandike maelezo, nisiache hata nukta, na asinione uani.

Nilipanda milimani na lori la kupeleka saruji. Muuguzi nilimkuta nyumbani kwake anaanika sare zake za kazi, amezifua ingawa hakuna wa kuzivaa. Nilimwambia pale penye kamba, sare zikidondosha maji katikati yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika vibanio mkononi. Nilitaka anitukane. Aliniambia, taratibu kabisa, “Mimi sikutia sahihi karatasi. Nilikutilia sahihi wewe.” Kisha akauliza kama seremala ameambiwa. Nikasema bado. Akanionyesha njia kwa kidole, akaingia ndani, akafunga mlango.

Seremala alikuwa karakanani, amesimama ndani ya taka za randa mpaka kwenye vifundo. Mke wake alikaa mlangoni, amegeuza uso kuelekea sauti yangu kwa sababu uso wangu haukumfikia vizuri. Akasema, “Huyu si yule dada wa pikipiki? Karibu.” Karibu, Chiriku! Nikawaambia. Mume aliniuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeulizia kipimo cha mbao. Je, ile njia ni fupi? Nikasema hapana, ni ndefu. Akauliza, sasa kwa nini? Nilitafuta neno lingine, naapa nililitafuta, na halikuwapo. Nikamwambia, kwa sababu inanoga.

Alirudia neno hilo mara moja, polepole, kama analipima uzito. Kisha akarudi kwenye meza yake akaanza kupiga randa, na mke wake akaanza kulia bila kufunika uso. Nilikaa pale sijui nikisubiri nini, pigo, kelele, watu. Hakuna aliyenigusa. Niliondoka mwenyewe, nikatembea mpaka njia panda kungoja gari la kushuka, na mguu uliniuma kila hatua, nikashukuru unauma.

Ungependa nikwambie kwamba baada ya hapo mambo yamenyooka. Hayajanyooka. Jana kamati imetoa barua. Mimi nimefukuzwa na shauri langu limepelekwa mbele, huenda nikafungwa, sitalikimbia. Ila muuguzi hawajamrudisha. Wanasema kosa la kuchelewesha damu limefutwa, lakini kosa la kutia sahihi fomu tupu linabaki, nalo peke yake linatosha. Nilidhani kweli ni kama ufunguo, ukiutoa tu mlango uliofungwa unafunguka. Kumbe uongo wangu ulikwisha kuota mizizi, nao wameukata shina tu. Nimeandika rufaa kwa niaba yake, nimeipeleka kwa mkono, karani akaniambia kwamba maneno ya mtu kama mimi hayana uzito tena. Na ni kweli. Jumatatu nitarudi tena nikasimame pale kaunta. Jumanne vilevile. Sijui kitu kingine cha kufanya na mwili huu.

Sasa kuhusu ombi lako la kazi. Umesema umeniandika mimi kama mtu wa kukuthibitisha. Chukua fomu nyingine, andika jina la Mjomba, la kwangu litakuchafua. Sikukatazi kuja. Watu wa kule juu bado wanahitaji mtu wa kubeba damu yao, na wewe una mikono mizuri kuliko yangu. Ukija utazipenda zile pikipiki, utazipenda siku ya pili kama si ya kwanza, na hakuna atakayekuonya, kwa sababu kila mmoja atadhani hatari ni kuanguka. Kuanguka nilianguka mara nyingi na nikainuka. Nakuonya juu ya ile raha yenyewe, jinsi inavyoongea kwa sauti yako mwenyewe na kukuambia dakika ishirini si kitu.

Usiniandikie maneno ya kunipoza, nitayarudisha bila kufungua. Ukitaka kuandika, mwandikie muuguzi, hata mistari miwili, umwombe radhi kwa lile neno “wazembe” ambalo nilikuachia ulitumie.

Nisalimie Mjomba na majirani wote wanaoniulizia. Mama msomee barua hii wewe, mchana, akiwa amekaa, usimpe aisome peke yake. Akikuuliza kama niko salama, mwambie niko hai, na umshike mkono.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
ambaye kwa sasa hajui jina jingine la kujiita.